Tangazo si Arifa: Uhakiki wa Mjadala wa Kisheria kuhusu Malipo ya Serikali kwa Magazeti Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mjadala wa kisheria kuhusu malipo ya haki ambayo Serikali inapaswa kuyalipa magazeti kwa kuchapisha habari zinazopaswa kuufikia umma: minada ya mahakama, utwaaji wa ardhi, zabuni, miswada inayosubiri maoni, na mengineyo ya aina hiyo. Mfano mkuu ni kifungu cha 5 cha Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2023. Hoja ya msingi ni kwamba pande zote za mjadala huo zimetumia neno moja, tangazo, kutaja mambo mawili yasiyolingana: bidhaa inayonadiwa na habari ambayo mwananchi anaistahili. Kwa kuwa neno halikutofautishwa, malipo yamejadiliwa kama fadhila au kama biashara, na nadra sana kama gharama ya haki ya mwananchi ya kujua. Makala yanatumia hali ya Rubavu, mji wa mpakani, kuonesha athari za mkanganyiko huo, kisha yanapendekeza vipengele vinne ambavyo sheria inapaswa kuwa navyo.

Istilahi za msingi: tangazo, arifa ya umma, malipo, uratibu, lugha ya sheria

1.0 Utangulizi

Novemba 2016 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, Na. 12 ya 2016. Sheria hiyo ilijadiliwa sana kwa sababu ya vifungu vyake kuhusu leseni za magazeti, ithibati ya waandishi na makosa ya jinai. Vifungu hivyo ndivyo vilivyofikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo Machi 2019 iliamua kwamba vingi kati yake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Katika kelele hizo, aya moja fupi ilipata nafasi ndogo zaidi katika mijadala ya kitaaluma. Aya ya (l) ya kifungu cha 5 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari, inayojulikana kwa wengi kama MAELEZO, jukumu la kuratibu matangazo ya Serikali.

Miaka saba baadaye aya hiyo ilifutwa. Muswada wa marekebisho uliwasilishwa Februari 2023 na kupitishwa Juni mwaka huo. Maelezo yaliyoambatana na pendekezo hilo yalisisitiza ushindani: vyombo vya habari vipate nafasi ya kutafuta matangazo ya Serikali bila kupitia mlango mmoja. Waziri aliyesimamia muswada wa 2016 na aliyesimamia marekebisho ya 2023 alikuwa mtu yuleyule, Nape Nnauye. Hilo halitajwi hapa kwa kumlaumu. Linatajwa kwa sababu linaonesha kwamba mabadiliko hayo hayakutokana na kubadilika kwa watu. Lilibadilika jibu la swali moja tu: nani agawe matangazo? Maswali mengine matatu, yaani kiasi gani kilipwe, kilipwe lini, na kilipwe kwa huduma ipi, yalibaki pale yalipokuwa.

Makala haya yanachunguza kwa nini maswali hayo yalibaki. Jibu linalotolewa ni la kiisimu kwanza, kisha la kisheria. Huenda msomaji wa sera akaona ajabu kuanza na isimu katika suala la fedha. Hata hivyo, mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Tangu hapo, maana ya neno la Kiswahili katika kifungu cha sheria ni suala la haki na wajibu, wala si la watunzi wa kamusi peke yao.

2.0 Neno moja, kazi mbili

Kiswahili kilikuwa na njia mbili za kupaza sauti hadharani. Ya kwanza ni kupiga mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na jambo hilo ni la wote: kuna vita, kuna msiba, kuna kazi ya pamoja. Anayesikia hatozwi chochote na mpiga mbiu hauzi kitu. Njia ya pili ni kunadi. Mnadi husimama sokoni akaisifu mali ili mwenye fedha avutiwe. Hapa anayesikia ana hiari kamili: akipenda ananunua, asipopenda anapita.

Kitenzi kutangaza kimezimeza njia zote mbili. Leo kampuni ya simu inatangaza vifurushi vyake, na mahakama inatangaza mnada wa nyumba ya mdaiwa. Wizara inatangaza nafasi za kazi, na kiwanda cha sabuni kinatangaza sabuni. Katika ukurasa wa gazeti vyote hivyo huitwa matangazo, hupokelewa na dawati moja, hupimwa kwa safu na sentimita, na huandikiwa ankara ya aina moja. Si ajabu basi kwamba mtunga sheria aliyeandika juu ya matangazo ya Serikali hakuhisi haja ya kubainisha anazungumzia yapi.

Tofauti iliyopotea hapo si ya msamiati tu. Imo ndani ya sarufi. Kitenzi kutangaza huchukua jambo kuwa yambwa yake: hutangazwa zabuni, hutangazwa mnada, hutangazwa matokeo. Kitenzi kuarifu huchukua mtu: huarifiwa mdaiwa, huarifiwa mrithi, huarifiwa mkulima ambaye shamba lake litapitiwa na barabara. Wajibu wa kutangaza hutimia pale jambo linapotamkwa. Wajibu wa kuarifu hautimii mpaka kuwe na mtu aliyepata habari. Ni kweli kwamba kauli ya kutendea humrudisha mtu katika sentensi, kama inavyosikika katika mbiu za vijijini: mnatangaziwa wananchi wote. Lakini nomino tangazo, ambayo ndiyo iliyoingia katika sheria na katika ankara, haimbebi mtu huyo. Inabeba jambo na nafasi liliyochukua ukurasani.

Kinyarwanda, lugha ndugu inayozungumzwa hapa Rubavu, kinatoa ulinganisho wenye faida. Nacho kina nomino itangazo, iliyo na matumizi mapana kama tangazo la Kiswahili. Hata hivyo, kimehifadhi kitenzi cha pekee kwa biashara na kampeni, kwamamaza, na kingine kwa kuwapasha watu habari, kumenyesha. Kumenyesha ni kauli ya kusababisha itokanayo na kumenya, yaani kujua. Maana yake halisi ni kumfanya mtu ajue. Ndiyo maana itangazo la mamlaka ya wilaya huwa na kawaida ya kusema kwamba mamlaka buramenyesha abaturage, inawajulisha wakazi, na si kwamba inatangaza jambo tu. Lugha imekumbuka msomaji hata pale nomino inapomsahau.

Katika makala haya, basi, tutaita arifa ya umma habari yoyote ambayo sheria inailazimisha mamlaka kuifikisha kwa wananchi kwa sababu haki zao zinaweza kuguswa. Istilahi nyingine zingewezekana. Ilani inatumika sana Kenya kwa maana hiyo, lakini Tanzania imeelemewa na maana ya ilani ya uchaguzi. Notisi imezoeleka mahakamani, ila humaanisha zaidi karatasi anayopewa mhusika mmoja. Taarifa kwa umma imekuwa jina la kila andiko linalotoka ofisi ya habari, liwe na wajibu wa kisheria au la. Arifa ina faida ya kubeba kitenzi chenye mtu ndani yake.

3.0 Uratibu na ushindani: pande mbili za kosa moja

Tukiwa na tofauti hiyo mkononi, turudi kwenye aya ya (l). Hoja ya uratibu ina nguvu yake. Mnunuzi mmoja mkubwa hupata bei nafuu kuliko wanunuzi mia wadogo. Hesabu za mahali pamoja hukagulika kwa urahisi. Taasisi ndogo isiyo na mtaalamu wa habari hupata msaada. Anayeitetea aya hiyo kwa sababu hizo hana lazima ya kuwa adui wa uhuru wa vyombo vya habari.

Udhaifu wa uratibu unajulikana pia. Mkono unaogawa riziki unaweza kuinyima. Gazeti lililoandika jambo lisilopendeza linaweza kukuta kurasa zake za matangazo zimepungua bila kuambiwa sababu, na bila uamuzi wowote wa maandishi ambao linaweza kuupeleka mahakamani. Aidha, katika soko ambamo Serikali ina magazeti yake, kama Daily News na HabariLeo yanayochapishwa na kampuni ya TSN, mratibu ni mgawaji na mpokeaji kwa wakati mmoja.

Mwaka 2023 hoja ya pili ilishinda, na katika hilo Bunge lilitenda vema. Lakini tuangalie kilichowekwa mahali pa aya iliyofutwa: hakuna. Hakikuwekwa kiwango cha malipo, hakikuwekwa kikomo cha siku za kulipa, wala hakikuwekwa kigezo cha kuchagua gazeti. Ushindani uliotajwa ni ushindani wa kibiashara, na katika ushindani wa namna hiyo mnunuzi ana uhuru wa kununua kwa anayemtaka, kwa bei anayoiweza, au kutonunua kabisa. Uhuru huo unafaa kwa sabuni. Kwa mnada wa nyumba ya mtu haufai, kwa sababu anayehitaji habari hiyo si mnunuzi wala muuzaji. Ni mtu wa tatu, ambaye mjadala mzima haukumtaja.

Nchi jirani zimepita njia nyingine zikafika palepale. Kenya ilianzisha mwaka 2015 Wakala wa Matangazo ya Serikali ili kukusanya mahali pamoja ununuzi wa matangazo ya wizara na mashirika ya umma, na matangazo hayo yakapewa makazi katika jarida la MyGov lililoingizwa ndani ya magazeti makubwa ya kila siku. Madai ya vyombo vya habari dhidi ya Serikali kwa kazi iliyokwisha chapishwa yamefikia mabilioni ya shilingi, na yamekuwa ajenda ya kudumu kati ya wamiliki, wahariri na wabunge. Machi 2024 barua ya Katibu wa Wizara anayehusika na utangazaji iliagiza kwamba matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yaelekezwe kwa shirika la umma, KBC. Uganda, Machi 2023, Rais aliagiza vivyo hivyo kwa faida ya UBC. Katika nchi zote mbili, jambo linalogusa haki ya raia kujua liliamuliwa kwa waraka na barua, si kwa sheria iliyojadiliwa na kupigiwa kura.

Tofauti ya Kenya ni kwamba Katiba yake ya 2010 ina msingi ambao ungeweza kujengewa sheria hiyo. Ibara ya 35(3) inaitaka Dola kuchapisha na kueneza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Yapo matendo mawili hapo, kuchapisha na kueneza. Waandishi wa Katiba walijua kwamba kuchapa si kufikisha. Mjadala wa malipo, kwa bahati mbaya, umejifunga katika tendo la kwanza: nani kachapa, kurasa ngapi, anadai kiasi gani.

4.0 Gazeti linalipwa kwa kazi gani?

Swali hili linahitaji jibu la wazi kwa sababu hoja nzito kuliko zote dhidi ya malipo sasa haitoki kwa waratibu wala kwa washindani. Inatoka kwa mafundi wa mifumo ya kielektroniki. Rwanda ilianza kutumia Umucyo, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, mwaka 2016 na kuueneza katika taasisi zake mwaka uliofuata. Minada ya utekelezaji wa hukumu nayo ilihamishiwa katika mfumo wa kielektroniki wenye jina la cyamunara, neno la Kinyarwanda la mnada. Tanzania ilianza kutumia mfumo wa NeST mwaka 2023, mwaka uleule Bunge lilipofuta aya ya (l). Kwa maneno mengine, magazeti yalifunguliwa mlango wa kushindania zabuni za kutangazwa wakati ambapo zabuni zenyewe zilikuwa zikihama nyumba.

Hoja ya mafundi ni rahisi kueleweka. Mfumo wa kielektroniki ni wa gharama ndogo, haufungi jioni, humwezesha mtu wa Karongi kuona zabuni ya Kigali bila kununua gazeti, na hupunguza mkono wa ofisa anayetaka kuficha habari kwa kuichapisha katika gazeti lisilosomwa. Faida hizo ni za kweli, na mhakiki anayezikana anapoteza haki ya kusikilizwa. Isitoshe, magazeti yana wasomaji wachache kuliko redio na simu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya Goma walipoamriwa kuhama, maelfu wakavukia Rubavu, hakuna aliyengoja gazeti la asubuhi. Kwa hatari ya ghafla gazeti si chombo.

Lakini arifa nyingi za umma si za ghafla. Ni habari ambazo uhalali wake utahojiwa miezi au miaka baadaye: je, mdaiwa alijulishwa kabla nyumba haijauzwa? Je, mwenye shamba alipewa muda wa kupinga? Je, wananchi waliitwa kutoa maoni juu ya muswada? Kwa maswali hayo gazeti hutoa kitu ambacho tovuti ya mamlaka haitoi kwa urahisi, nacho ni ushahidi. Nakala iliyochapwa ina tarehe, imesambaa katika mikono mingi, imehifadhiwa na maktaba, na haiwezi kubadilishwa usiku. Zaidi ya hayo, imechapwa na mtu wa tatu asiye na masilahi katika shauri. Tovuti ya Serikali ni Serikali inayojitolea ushahidi yenyewe.

Kwa hiyo, gazeti huuza vitu vitatu: nafasi ukurasani, ufikaji kwa wasomaji, na ushahidi wa kudumu. Tangazo la biashara linahitaji viwili vya kwanza tu. Arifa ya umma inahitaji vyote vitatu, na cha tatu ndicho kinachoihalalisha Serikali kulipa kwa sheria badala ya kulipa kwa hiari. Hapa ndipo tunapoona hasara ya kutotofautisha istilahi. Aliyezoea kupima tangazo kwa wingi wa wasomaji atahitimisha, akiona wasomaji wamepungua, kwamba hakuna sababu ya kulipa. Anayepima arifa kwa vigezo vyake atauliza swali jingine: tukiondoa gazeti, nani atakuwa shahidi?

Ulimwengu wa nje unaonesha njia mbili. Jimbo la Florida nchini Marekani lilipitisha mwaka 2022 sheria iliyoruhusu serikali za mitaa, kuanzia Januari 2023, kuchapisha arifa zao katika tovuti za kaunti badala ya magazeti. Waliounga mkono walizungumzia akiba ya fedha za umma. Waliopinga walisema kwamba kaunti imepewa kuwa mtoa habari, mchapishaji na shahidi. Ufaransa imekwenda njia nyingine. Sheria yake ya tarehe 4 Januari 1955 inazitenga arifa za kimahakama na za kisheria na matangazo ya kawaida. Bei yake huwekwa kwa amri ya Serikali, magazeti yanayoruhusiwa kuzichapisha huorodheshwa katika kila mkoa kwa vigezo vinavyojulikana, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 vyombo vya habari vya mtandaoni vinaweza kuingia katika orodha hiyo. Ni kweli kwamba katika mfumo huo mlipaji mara nyingi ni kampuni au mhusika wa shauri, si hazina ya Serikali. Lakini somo lake halipungui: sheria ilitenga aina ya maandishi kwanza, ikapanga bei baadaye, na ikaweza kuingia katika zama za mtandao bila kumwondoa mtu wa tatu.

5.0 Msomaji wa Rubavu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mwananchi kama dhana. Rubavu inamfanya aonekane. Mji wa Gisenyi umepakana na Goma kiasi kwamba mtaa wa nchi moja unaendelea katika nchi nyingine. Katika kivuko kinachoitwa Kizuizi Kidogo, wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wamezoea kuvuka kwa miguu wakiwa na mboga, unga, samaki na nguo. Maisha yao yanategemea habari zinazobadilika: saa za kufungua na kufunga mpaka, hati zinazokubaliwa, ushuru, bidhaa zilizozuiliwa, mizigo iliyokamatwa ambayo itapigwa mnada.

Lugha za habari hizo na lugha ya watu hao hazilingani. Gazeti Rasmi la Rwanda huchapisha sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Upande wa pili, lugha rasmi ni Kifaransa, na Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Sokoni na mpakani, Mnyarwanda na Mkongo wakipatana bei, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ikaelezwa kwamba kitatumika katika utawala inapohitajika na kuonekana katika baadhi ya nyaraka rasmi. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kisheria, basi, msomaji wa Kiswahili wa mpakani amekwisha kutambuliwa. Kiarifa, bado anangoja.

Tusitie chumvi. Kwa Mnyarwanda, arifa ya Kinyarwanda inatosha. Kudai kwamba kila arifa nchini itafsiriwe kwa Kiswahili ni kudai gharama isiyo na faida. Dai letu ni finyu zaidi. Arifa ambayo kwa asili yake inawahusu watu wa pande mbili za mpaka haijawa arifa mpaka iwe katika lugha ambayo pande mbili zinaielewa. Mnada wa shehena iliyokamatwa mpakani, ukiandikwa kwa Kiingereza katika mfumo wa mtandaoni, umetangazwa. Mwenye shehena anayekaa Goma hajaarifiwa.

Hapa suala la malipo linarudi kwa sura ambayo mijadala ya Dodoma na Nairobi haikuiona. Kutafsiri arifa kwa usahihi ni kazi. Inahitaji mtu anayejua kwamba dhamana, rehani na amana si neno moja, na kwamba kuahirisha si kufuta. Pale ambapo malipo hupimwa kwa sentimita za ukurasa, lugha ya pili huonekana kuwa nafasi ya ziada inayoongeza ankara, na ofisa mwangalifu wa bajeti huifuta kwanza. Pale ambapo malipo yangepimwa kwa kazi ya kuarifu, tafsiri ingekuwa sehemu ya huduma yenyewe. Gazeti dogo, redio ya jamii au chombo cha mtandaoni cha eneo hili kingekuwa na sababu ya kiuchumi ya kuajiri mfasiri. Kwa sasa sababu hiyo haipo.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, makala yanapendekeza vipengele vinne kwa watunga sheria na washauri wao.

Kwanza, sheria iwe na fasili mbili zilizotenganishwa: tangazo la Serikali, yaani ujumbe wa kuvutia au kuhamasisha ambao mamlaka inautoa kwa hiari, na arifa ya umma, yaani habari ambayo sheria inalazimisha ifikishwe kwa wananchi. Mambo ya uratibu na ushindani yajadiliwe katika la kwanza. La pili lisigawiwe kwa hiari ya ofisa yeyote.

Pili, kiwango cha malipo ya arifa kichapishwe hadharani na kipitiwe upya kila baada ya kipindi kinachotajwa katika sheria. Kiwango kiwe kimoja kwa vyombo vya umma na vya binafsi vinavyotimiza masharti, ili mgawaji asiweze kuadhibu wala kuzawadia kwa bei.

Tatu, malipo yawe na kikomo cha siku, na deni linalopita kikomo lizae riba inayotoka katika bajeti ya taasisi iliyochelewesha. Deni la muda mrefu ni aina ya shinikizo hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kushinikiza. Mhariri anayedai wizara hufikiri mara mbili kabla ya kuichunguza.

Nne, uhalali wa arifa upimwe kwa mtu aliyekusudiwa. Kanuni nyingi za kanda yetu huridhika na gazeti linalosambazwa sana, bila kusema limesambazwa wapi na linasomwa kwa lugha gani. Badala yake mamlaka itakiwe kueleza, katika kila arifa, ni kundi gani la watu linaloguswa, na kuchagua lugha na chombo kulingana na kundi hilo. Mfumo wa kielektroniki ubaki kuwa hazina kuu ya arifa, na chombo huru kiwe shahidi wake.

Wapo watakaosema kwamba bajeti zetu hazibebi haya. Jibu ni kwamba gharama ya kutoarifu hailipwi na hazina, ndiyo maana haionekani katika vitabu vyake. Inalipwa na mtu aliyekuta nyumba yake imeuzwa, na mahakama zinazotumia miaka kuamua kama alijulishwa au la.

7.0 Hitimisho

Mjadala wa mwaka 2016 hadi 2023 ulikuwa wa lazima, na kufutwa kwa aya ya (l) kulikuwa hatua njema. Hata hivyo, ulikuwa mjadala kati ya Serikali na wamiliki wa magazeti juu ya mgawanyo wa fedha, nao ulikwisha pale pande hizo mbili zilipopata la kukubaliana. Wataalamu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika upungufu huo. Tumetunga istilahi za kompyuta, za afya na za benki, lakini tumeliacha neno linaloamua kama mwananchi ameambiwa au hakuambiwa libaki na maana mbili. Sasa sheria za Tanzania zinaandikwa kwa Kiswahili, na Rwanda ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi. Mwandishi wa muswada ujao atakapofika kwenye kifungu cha matangazo, atatumia neno tutakalokuwa tumempa.